Kupima Pumzi ya Mzamiaji na ya Pomboo Bila Kumchoma Wala Kumkamata: Mwongozo Kamili

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya kiongozi wa kikundi cha wazamiaji anayetaka kujua kifua cha nani kimeanza kuchoka, mhudumu wa zahanati iliyo karibu na diko, na kijana anayewapeleka watalii kwa pomboo au anayewatafiti. Hauhitaji sindano, mpira wa kupitishwa kooni wala wavu wa kumnasia mnyama. Unahitaji saa, daftari, vifaa vichache na subira nyingi.

Mzamiaji na pomboo nimewaweka pamoja kwa sababu bahari inawabana kwa kanuni moja. Juu ya maji mgandamizo ni wa angahewa 1. Mita 10 chini ni 2, na hewa iliyovutwa juu hubaki nusu ya ujazo wake. Mita 30 ni 4, na hubaki robo. Kinachowatofautisha ni kifua. Mbavu za pomboo hukunjika na mapafu yake husinyaa bila kuumia: mwaka 1979 Sam Ridgway, daktari wa wanyama wa Jeshi la Majini la Marekani, alichapisha ushahidi kwamba kufikia mita 70 hivi vifuko vya hewa vya pomboo vimeshajifunga, na naitrojeni haipenyi tena kuingia kwenye damu. Kifua cha binadamu hakina ulegevu huo. Tena anayetumia mtungi huvuta hewa yenye mgandamizo sawa na wa maji yanayomzunguka, kwa hiyo hatari yake kubwa iko wakati wa kupanda: akibana pumzi mapafu yakiwa yamejaa, hata mita moja na nusu inatosha kuyapasua.

Kabla ya hatua yoyote, shika jambo hili, maana mengine yote yanalitegemea. Namba ya pumzi inasema kitu pale unapoilinganisha na namba ya mzamiaji yuleyule, au pomboo yuleyule, alipokuwa mzima na ametulia. Na kipimo kinachomtia hofu anayepimwa kitakuletea namba za hofu. Boti ikimfukuza pomboo ili ahesabiwe pumzi, kinachohesabiwa ni pumzi za pomboo anayekimbia.

Mzamiaji: anza na mazungumzo

Wazamiaji wengi wa majongoo ya baharini na pweza huogopa kupimwa kwa sababu wanahofia kuzuiwa kazi. Malizeni jambo hili mapema: nani ataona matokeo, daftari litakaa wapi, na nini kitafanyika namba zikishuka. Mtu asiyeamini atapuliza nusu nusu, au hatakuambia kwamba juzi alikohoa damu.

Kisha uliza, ukiandika. Amewahi kuwa na pumu, hata utotoni? Amewahi kutibiwa kifua kikuu, kupasuliwa kifua, au pafu kusinyaa ghafla? Anavuta sigara au bangi? Anazamia kwa pumzi yake au kwa mtungi, kina gani, mara ngapi kwa siku? Baada ya kutoka majini hukohoa, husikia kifua kimebana, hutoa povu lenye rangi ya damu?

Mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi asipulize kwenye mashine yako. Apelekwe kupima kifua kikuu kwanza, kwa ajili yake na kwa ajili ya wenzake watakaoshika kifaa kilekile. Subiri pia kama amepata mshtuko wa moyo au amefanyiwa upasuaji wa jicho ndani ya wiki moja iliyopita, au upasuaji wa kifua, tumbo au ubongo ndani ya wiki nne. Na anayehisi maumivu ya kifua baada ya kuzamia hapulizi kabisa. Huyo ni wa hospitali.

Spairomita, hatua kwa hatua

Spairomita hupima kiasi cha hewa na kasi inavyotoka. Ziko ndogo za mkononi zinazoungana na simu. Joto na unyevu wa pwani huzisumbua, hivyo iweke kivulini, iache izoee hali ya chumba, na uingize joto la siku hiyo ikiwa inadai. Kila asubuhi ya kupima, ikague kwa bomba maalumu la lita 3: isome ndani ya asilimia 3 ya ujazo huo. Isipofika, ahirisha zoezi. Ni heri siku ipotee kuliko kujaza daftari namba za uongo zitakazokupotosha mwaka mzima.

1. Chagua wakati mmoja na ubaki nao. Mapafu hufunguka zaidi mchana kuliko alfajiri, kwa hiyo ukimpima mtu saa kumi na mbili asubuhi mwezi huu na saa nane mchana mwezi ujao utaona mabadiliko ambayo si ya ugonjwa. Wakati mzuri ni asubuhi kabla ya kuzamia, asiwe amevuta sigara wala kufanya kazi nzito ndani ya saa moja iliyopita.

2. Mpime urefu bila viatu, mgongo ukutani. Urefu wa kukisia huharibu hesabu yote, kwani mashine hukadiria kiwango cha kawaida kutokana na urefu, umri na jinsia.

3. Tazama mashine imewekewa viwango gani. Nyingi za zamani zinauliza mtu ni wa asili gani, na ukichagua Mwafrika hushusha kiwango cha kawaida kwa asilimia 10 hadi 15. Maana yake mzamiaji ambaye mapafu yake yamepungua kweli ataambiwa yuko sawa. Viwango vya GLI Global, vya mradi wa kimataifa wa vipimo vya mapafu, vilivyotolewa 2022, vimeondoa mgawanyo huo, na mwaka 2023 chama cha madaktari wa mapafu cha Marekani, ATS, kilipendekeza viwango visivyotazama asili ya mtu. Ikiwa mashine yako inaruhusu, tumia hivyo. Muhimu kuliko yote, usibadilishe viwango katikati ya safari bila kuandika.

4. Mkalishe wima, miguu yote miwili sakafuni, mkanda na nguo za kubana zilegezwe. Mwekee kibano cha pua na kipande kipya cha mdomoni chenye chujio.

5. Mwonyeshe wewe kwanza. Vuta hewa mpaka kifua kigome, ziba midomo kwenye bomba, kisha pasua pumzi yote kwa mkupuo na uendelee kusukuma hadi hakuna kitu. Wazamiaji wa pumzi wana mazoea ya kumeza hewa ya ziada kwa koo baada ya kifua kujaa. Mwambie leo asifanye hivyo, la sivyo ujazo wake utatoka mkubwa kuliko ulivyo.

6. Anapopuliza, mhimize kwa sauti: “Toa! Toa! Endelea, endelea!” Hapa upole wa sauti haufai. Anatakiwa afike mahali mstari kwenye kioo unalala, au atimize sekunde 15.

7. Rudia hadi upate mipulizo mitatu safi, isiyo na kikohozi mwanzoni wala kusitasita. Miwili iliyo bora isipishane zaidi ya lita 0.15. Tuseme amepata 5.20, 5.12 na 4.70: miwili ya kwanza imepishana 0.08, inakubalika, na unaandika 5.20. Ukifika mipulizo minane bila kupata, acha. Amechoka, mpangie siku nyingine.

Kusoma ulichokiandika

Kioo kitaonyesha FVC, yaani hewa yote aliyoitoa, na FEV1, yaani iliyotoka katika sekunde ya kwanza. Ukigawa ya pili kwa ya kwanza unapata uwiano, na uwiano mdogo kwa kawaida huashiria njia za hewa zilizobana, kama za mwenye pumu. Kwa wazamiaji pana mtego hapa. Wengi wao wana FVC kubwa kuliko watu wa kawaida, na ujazo ukiwa mkubwa uwiano unashuka hata kama njia za hewa ni nzima. Usimtangazie mtu ugonjwa kwa uwiano peke yake. Tazama kama FEV1 yenyewe iko chini ya kiwango chake, na umpeleke kwa daktari mwenye uzoefu.

Linganisha sasa na rekodi yake mwenyewe. Kwa mtu mzima wa afya, FEV1 inaweza kupanda au kushuka kwa asilimia 12 hivi kutoka wiki hadi wiki bila ugonjwa wowote. Madaktari wa mapafu huchukulia upungufu wa asilimia 15 kutoka mwaka hadi mwaka kuwa ni mabadiliko ya kweli. Aliyekuwa na lita 4.00 na sasa ana 3.40 amefika hapo. Asizamie hadi aonwe, hata kama mashine inasema bado yuko “kawaida” kwa watu wa rika lake.

Kama spairomita haipatikani, kile kibomba cha plastiki wanachotumia wenye pumu kupima nguvu ya mkupuo kitakusaidia kwa bei ndogo. Apulize mara tatu akiwa amesimama, andika kubwa kuliko zote. Hakikuonyeshi ujazo, lakini kikitumika kila asubuhi humfichua mwenye pumu ambaye mkupuo wake unayumba siku hadi siku.

Siku ya kuzamia

Aliyetoka kina kirefu na mtungi usimpulizishe spairomita papo hapo. Kujikaza kwa nguvu kunaweza kusukuma mapovu ya naitrojeni yaliyojitenga kwenye damu wakati wa kupanda, yakapita kwenye kitundu cha moyo ambacho karibu mtu 1 kati ya 4 huzaliwa nacho na hakijifungi. Baada ya kuzamia, pima vitu vinavyopimika akiwa amekaa tu.

Oksimita ya kidoleni, kifaa kinachokadiria oksijeni iliyo kwenye damu, ni njia mojawapo. Kausha mkono, upashe joto, futa rangi ya kucha, mwache atulie dakika tano, kisha soma namba iliyokaa bila kurukaruka. Asilimia 95 hadi 100 ni kawaida ya mtu mzima usawa wa bahari. Ila kifaa hiki kina udhaifu unaotuhusu sana. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi kilishindwa kuona upungufu mkubwa wa oksijeni karibu mara tatu zaidi ya kwa wagonjwa weupe, kwa kuwa rangi ya ngozi huathiri mwanga kinaoutumia. Basi chukua namba ya kila mzamiaji asubuhi akiwa mzima. Aliyezoea 99 akisoma 95 na anahema, usijipe moyo kwamba 95 bado ni nzuri.

Udhaifu wa pili unaua. Oksimita ya kawaida haitofautishi damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba moshi wa kaboni monoksaidi. Kompresa ya petroli ikivuta moshi wake yenyewe na kuujaza kwenye mtungi, mzamiaji atapanda na kichwa kinachogonga, kichefuchefu na fikra zilizochanganyikiwa, na kidoleni pataandikwa 99. Mdomo wa kuvutia hewa uwe juu na upande upepo unakotoka, mbali na ekzosi, na upepo ukigeuka injini izimwe ipangwe upya. Mwenye dalili hizo apewe oksijeni safi na akimbizwe hospitali, kidole kiseme kisemavyo.

Kisha hesabu pumzi zake kwa dakika nzima bila kumwambia, kana kwamba unatazama mpigo wa moyo. Akijua anahesabiwa hubadilika. Mtu aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20. Msikilize anavyoongea. Sauti iliyobadilika ghafla, shingo iliyovimba na inayochakacha ukiibonyeza, maumivu ya kifua, makohozi ya damu au povu la waridi: hayo yanatosha, huna haja ya mashine. Mpe oksijeni, mlaze, itisha usafiri. Kumrudisha chini ya maji “akajitibu” kumeshawaua na kuwapoozesha wengi, na mwenzake yeyote atakayelipendekeza akataliwe palepale.

Altrasaundi ya mapafu ni ya aliyefunzwa, ila ni vyema ujue inaonyesha nini ili uiombe. Maji yakianza kujikusanya mapafuni, kioo huonyesha mistari myeupe inayoshuka wima kutoka ukingo wa pafu hadi chini. Mitatu au zaidi katika eneo moja si kawaida. Imetumika kwa wazamiaji wa pumzi baada ya kupanda, na huona maji hayo hata kwa asiyelalamika. Haina mionzi, na mashine ileile ya wajawazito yaweza kufanya kazi hii.

Pomboo: kitu gani kinapimika ukiwa mbali

Pomboo hapumui kwa mdomo. Njia yake ya hewa inaishia kwenye tundu moja utosini, naye hutoa hewa, huvuta, halafu hubana, yote ndani ya sekunde moja au chini yake. Sisi tukiwa tumetulia hubadilisha kama sehemu moja ya kumi ya hewa ya mapafu kwa kila pumzi. Yeye akivuta pumzi kubwa anaweza kubadilisha robo tatu au zaidi. Andreas Fahlman na wenzake walipima pomboo sita waliofunzwa, kwa kifaa cha kupima mkondo wa hewa kilichofunika tundu la pumzi, na mwaka 2015 wakachapisha kwamba mkondo wa kutoa ulizidi lita 130 kwa sekunde. Kijana mwenye nguvu hutoa kama 10. Kipimo hicho kinahitaji mnyama anayekuja mwenyewe na kutulia, na ndiyo maana hakifanyiki kwa pomboo wa mwituni pasipo kumshika.

Tunachoweza kupima sisi tukiwa Kizimkazi, Watamu au Kisite ni mwendo wa pumzi: muda kati ya pumzi na pumzi, sauti yake, na jinsi anavyorudi kwenye hali ya kawaida baada ya kusumbuliwa. Si kidogo. Pomboo aliyepumzika hupumua mara 2 hadi 5 hivi kwa dakika, na akipandisha akabaki juu pasipo sababu unayoiona, hapo pana habari.

Kibali kitangulie. Utafiti Tanzania Bara hupitia COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia; Zanzibar ina utaratibu wake; Kenya ni NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, pamoja na KWS, shirika la wanyamapori. Droni inahitaji idhini ya mamlaka ya usafiri wa anga.

Chagua majira. Kusi likivuma, mawimbi yenye vilele vyeupe huficha pumzi nyingi. Fanya kazi hii wakati wa maleleji au asubuhi shwari ya kaskazi. Penye mwamba au jengo refu linaloona maji, pima kutoka nchi kavu, kwa kuwa hakuna boti tulivu kama kutokuwa na boti. Utafiti uliochapishwa 2010 kuhusu pomboo wa kusini mwa Unguja ulionyesha kwamba boti za watalii ziliwapunguzia muda wa kupumzika na kutafuta chakula, na kuwaongezea muda wa kusafiri.

Ukilazimika kwenda kwa boti, mwombe nahodha asogee taratibu kwa ubavu, asikate njia yao wala kuingia katikati ya kundi. Marekani hushauri angalau yadi 50 kwa pomboo na 100 kwa nyangumi. Huku kwetu zishike hata pale ambapo hakuna anayekusimamia. Injini iwe kwenye gia huru, isizimwe na kuwashwa ovyo. Subiri angalau dakika kumi kabla ya kuanza kuandika, wazoee.

Mchague mmoja kwa pezi lake la mgongoni. Makovu na mikato ya ukingoni hudumu miaka, hivyo mpige picha mwanzo na mwisho. Mtu wa kwanza atazame kwa darubini na aseme “pumzi” kila tundu linapofunguka. Wa pili abonyeze saa na kuandika. Simu iwe inarekodi sauti muda wote ili mhakiki baadaye. Usiruke kutoka pomboo mmoja kwenda mwingine ati wa kwanza amepotea. Akipotea, funga hesabu hiyo, andika “amepotea”, na uanze mpya. Kosa linaloharibu kazi nyingi ni pumzi moja iliyokosekana: kipindi cha sekunde 20 kati ya pumzi na pumzi, na cha 25, huungana kuwa 45, na mnyama wa kawaida anaonekana mzamiaji hodari.

Jioni, panga vipindi vyote kutoka kifupi hadi kirefu na uchukue cha katikati. Wastani wa kawaida unavutwa na mzamo mmoja mrefu, cha katikati hakivutwi. Kando yake andika alikuwa akifanya nini, boti ngapi zilikuwa karibu, na kama yuko na mtoto. Pomboo anayewinda usimlinganishe na anayepumzika.

Sauti isikilize peke yake, macho yakiwa yamefumba. Pumzi nzima ni mpasuko mkavu mfupi. Inayokwaruza, yenye majimaji, au kukohoa kwa kurudiarudia, iwekee alama pamoja na saa.

Mvuke wa pumzi unaweza kukusanywa na droni iliyobeba visahani. Shirika la Ocean Alliance la Marekani limefanya hivyo kwa nyangumi wakubwa. Visahani huleta vijidudu, vinasaba na homoni, lakini havikuambii pafu linafanya kazi kiasi gani. Picha ya pafu lenyewe inataka altrasaundi, na huko ndiko ilikoonekana thamani yake: baada ya mafuta kumwagika baharini mwaka 2010 kutoka kwenye mtambo wa kuchimbia mafuta wa Deepwater Horizon, pomboo wa ghuba ya Barataria, Louisiana, walikutwa na uwezekano mara tano zaidi wa ugonjwa wa mapafu wa kati hadi mkali kuliko wenzao wa ghuba ya Sarasota, Florida. Pale walishikwa kwa muda na timu ya madaktari wa wanyama. Isiwe kazi ya mtu mwenye boti na nia njema tu.

Akikwama ufukweni

Aprili 2006 mamia ya pomboo walikufa kwenye maji ya Nungwi. Tukio kama hilo halitoi ilani, na wa kwanza kufika huwa ni wavuvi. Mlaze kifudifudi, tundu la pumzi likiwa wazi na juu. Mfunike kwa khanga iliyolowa ukiliacha tundu, mwekee kivuli, mwagie maji mgongoni, yasiingie tunduni kamwe. Usimvute kwa mapezi wala mkia. Watu wasogee nyuma, makelele yazimwe, mbwa waondolewe. Usisimame pale pumzi yake inakorukia. Hubeba vijidudu vinavyoweza kumwingia mtu, basi funika pua na mdomo.

Mtu mmoja akae pembeni na saa, asifanye kitu kingine. Ahesabu pumzi kwa dakika tano nzima, aandike, apumzike tano, arudie. Mnyama aliyekwama atakuwa na hofu na namba ya kwanza itakuwa juu, kwa hiyo cha kutazama ni zinavyokwenda: zinashuka kadiri anavyotulia, au zinapanda na kuwa fupi fupi. Povu au damu tunduni iandikwe na saa yake. Daktari wa wanyama au ofisa uvuvi akifika, mkabidhi karatasi yote kwa mpangilio, pamoja na saa alipoonekana mara ya kwanza, maji yalikuwa yanajaa au yanatoka, na alama kwenye kila kipindi ambacho mhesabu hakuwa na uhakika nacho.